Yai la Kobe Haligeuzwi

Vijana wanakuja hapa kwangu Kasingirima, wanapiga hodi, wananiamkia, na kabla hawajakaa sawasawa kwenye mkeka wanauliza, "Bibi, kobe anakula nini?" Na mimi nawauliza, "Huyo kobe mnamtakia nini?" Wengine wanacheka. Wengine wanasema wanataka kupiga naye picha. Hao nawapa maji ya kunywa, halafu nawasindikiza mpaka mlangoni.

Nyie mliobaki, mnaotaka kweli, sogeeni. Magoti yangu sasa yamekataa kuinama, na kobe ni kazi ya kuinama. Nimewafuga tangu nilipoolewa mpaka nywele zimekuwa hivi mnavyoziona. Nimewazalisha, nimewagawa kwa watu wa mji huu na kwa watumishi waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa mingine, wengine nimebadilishana nao kwa kuku au kitenge. Siku hizi mnyama huyu hafugwi bila kibali cha watu wa wanyamapori. Zamani hatukuulizwa. Nyie mtaulizwa, kwa hiyo anzeni huko, msianze kwangu.

Haya, chakula. Kobe anakula majani. Sijui kwa nini watu wanaona jambo hili ni gumu. Nyasi mbichi, mchunga, matembele, ua la boga, tunda kidogo likidondoka. Mimi nilipofika ukweni nikiwa bado mgeni niliwapa ugali na dagaa, nikidhani ndio ukarimu. Mama mkwe wangu, Bi Feza, alitoka nje, akatazama, akasema, "Ee, wageni wamekaribishwa. Na chai je?" Akazoa ugali wote akawapa kuku. Ugali unamharisha kobe, na gamba la mtoto linakua vibaya, linainuka vilima vilima. Akitaka kitu kigumu, mwachie mfupa mkavu au ganda la konokono ulilolipondaponda. Atalitafuna mwenyewe kwa wakati wake.

Na gamba ni mwili wake. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nilimpa kobe fundi baiskeli mmoja, jirani, na baada ya muda nikapita kwake nikakuta ametoboa gamba kwa nyuma, amepitisha kamba, kamfunga kwenye mguu wa benchi kama mbuzi.

"Si ganda tu, Mama?" akaniambia.

"Lete ukucha wako nikuonyeshe ganda," nikamjibu. Nikaikata kamba, nikampakata kobe wangu, nikaondoka. Alinifuata hatua kadhaa akisema zawadi hairudishwi. Sikugeuka.

Kujua dume na jike ni rahisi. Mtazame tumboni: dume ana tumbo lililobonyea na mkia mrefu, jike ana tumbo bapa na mkia mfupi. Lakini usimnyanyue ovyo kwa ajili ya kutazama. Hilo mkumbushwe na Balozi wetu wa nyumba kumi, Mungu amrehemu.

Miaka ya Ujamaa mtaa wetu ulikuwa na shamba la pamoja kule bondeni, kinamama tukilima kwa zamu. Uani kwangu nilikuwa na uzio wa fito. Kobe mmoja dume akauona mwanga kati ya fito na fito, akasukuma, akasukuma, akatoka, akaenda zake taratibu mpaka shambani. Alipopatikana alikuwa amemaliza tuta zima la matembele. Balozi alimleta mwenyewe, amembeba mbele ya tumbo kwa mikono miwili kama sinia ya pilau, na nyuma yake kinamama wenzangu.

"Mama Shabani," akasema, "katika Ujamaa hatutaki kupe."

"Huyo si kupe, Mzee. Ni kobe."

"Anakula asicholima. Kupe ni kupe hata akiwa na gamba."

Kinamama wakaangua kicheko. Kobe naye, kwa kuogopa zile kelele, akamwaga maji yake yote kwenye suruali ya Balozi. Mimi sikucheka. Kobe akishtuka hutoa maji aliyoyaweka akiba mwilini, na ikiwa ni kiangazi anaweza kufa kwa kiu. Nikakimbia kuleta beseni la maji. Balozi akanyoosha mikono, akidhani ninamletea ya kunawa. Nikamchukua kobe nikamtumbukiza yeye. Hapo ndipo mzee alipokasirika hasa.

"Wanyama hawa waondoke mtaani kabla ya mkutano ujao!"

"Hawaondoki, Mzee," nikasema. "Kitakachoondoka ni uzio."

Nikapanda mlimani kuokota mawe. Niliyabeba kichwani mpaka shingo ikakakamaa. Nikachimba msingi wa kwenda chini kiasi cha mkono, kwa sababu kobe haruki lakini anachimba, nikapanga mawe, nikaziba kwa udongo kila mahali panapopitisha mwanga. Asichokiona upande wa pili hakisumbui moyo wake. Lile tuta la matembele nililipanda upya peke yangu. Siku ya mkutano Balozi alikuja akaupiga ukuta teke kuujaribu, akarudi nyuma akichechemea. "Haya," akasema, "wabaki." Wamebaki.

Mtaniuliza, ubishi wote huo kwa mnyama ambaye ukimwita hata haitiki? Basi nisikilizeni niwaeleze ulianzia wapi.

Mimi nimezaliwa Kagunga, mpakani na Burundi. Kule kwetu kobe tulimwita akanyamasyo, na tukimkuta njiani tulimpita tu. Nikaolewa Bangwe, hapahapa mjini Kigoma, na Idi, mbeba mizigo wa bandarini. Mama yake, Bi Feza, alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana, na Kiswahili chake kilibaki na ladha ya ng'ambo. Neno "mahali" halikuwamo kinywani mwake, yeye alisema "fasi". Alikuwa mjane. Nyumba tuliyokaa mumewe aliijenga kwa mikono yake, karibu kabisa na maji. Uani palikuwa na kuku na kobe pamoja, kwa imani kwamba kobe akikaa na kuku, kideri hakiingii. Kama ni kweli sijui. Kuku wake niliwaona wakifa kama kuku wa watu wengine. Kobe wenyewe ndio aliowapenda, ingawa asingekubali kusema. Mkubwa wao alikuwa jike la gamba la njano lenye madoa meusi, akimwita Maua.

Na mimi hakunipenda. Hakunitukana, hakuninyima chakula, ila nilikuwa kama kikapu kilicholetwa kwa makosa, kinachosubiri mwenyewe aje akichukue.

Mvua zilizokuja wakati wa Uhuru hazikuwa za kawaida. Watu walicheza ngoma huku wamelowa chapachapa. Baada ya hapo ziwa likaanza kupanda. Wale waliozoea mto kufurika walidhani litajaa na kushuka. Ziwa letu lilisogea polepole, wala halikufanya haraka. Kwanza likameza matete, kisha njia ya kwenda kuchotea maji, kisha choo cha jirani. Wazee walisema litarudi. Kila asubuhi tulitoka kutazama, na halikurudi.

Mvua zilipokuwa zinaishia, Maua akaanza kuzunguka ua akinusa ardhi. Jike akianza kuzunguka hivyo na kukataa chakula, mwache, usimshike. Akachagua karibu na jiko, upande wa ziwani. Akachimba kwa miguu ya nyuma, akilainisha udongo kwa maji yake mwenyewe, akataga, akafukia, kisha akapigapiga kwa tumbo mpaka pakawa kama hapajaguswa. Bi Feza akachomeka vijiti kuzunguka. Nanyi fanyeni vivyo hivyo siku hiyohiyo, maana kobe anaficha vizuri kuliko mnavyodhani. Mayai yanakaa ardhini kiangazi chote, na watoto hutoka mvua za kwanza zikilainisha udongo.

Lakini ziwa halikungoja. Kiangazi kilipoanza likaingia uani. Ukuta wa jiko, wa matofali mabichi, ukaanza kulegea kwa chini. Baba mdogo wake Idi, aliyekuwa na nyumba hapa Kasingirima, akatupa chumba kimoja na kiwanja kilichokuwa wazi nyuma ya nyumba yake. Idi akaja na mkokoteni na wenzake wawili wa bandarini. Tukatoa vitanda, tukatoa masufuria, kuku wakafungwa miguu, Maua na wenzake wakatiwa kwenye makapu. Tulipomaliza, Bi Feza akachukua kigoda chake, akakiweka kando ya vile vijiti, akakaa.

"Mama, twende," Idi akasema.

"Nendeni. Mimi nina kazi hapa."

"Kazi gani?"

Akaonyesha vijiti kwa kidevu. "Hawa hawawezi kutembea."

"Mama! Mayai ya kobe? Ukuta huo utakuangukia."

"Baba yako aliujenga. Hauniangukii."

Idi alikuwa mtu mpole, lakini mpole naye hufika mwisho. Akawageukia wenzake akawaambia wamshike mama huku na huku wamweke juu ya mkokoteni. Wale vijana wakatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nami nikaiona mikono ya Bi Feza ilivyokishika kigoda, mishipa imesimama. Hakuwa na kitu kingine cha kushika. Nikajua wakimbeba kwa nguvu, kesho atarudi peke yake kwa miguu, na ukuta utamkuta hana mtu.

"Idi," nikasema, "nipe mpaka alasiri."

"Ya nini?"

"Nitayahamisha mayai."

Bi Feza akacheka kwa kejeli. "Weye? Mpishi wa kobe?"

"Mimi. Mama utaniambia cha kufanya. Mikono itakuwa yangu."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua samaki sokoni. Mwisho akasema, "Leta mkaa."

Sikilizeni sasa, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Yai la kuku mnaligeuza na linaanguliwa. Yai la kobe, likishakaa ardhini kwa muda, mtoto ndani ameshika upande wa juu. Ukilipindua unamzamisha. Kwa hiyo niliposhika jembe, Bi Feza akasema, "Tupa. Vidole." Nikapiga magoti nikaanza kukwangua udongo kidogo kidogo. Lilipoonekana yai la kwanza, jeupe, la mviringo kama limau dogo, akaniambia nisiliguse kabla ya kulitia alama ya mkaa juu. Alama ile ndiyo uso wake. Popote yai liendako, alama itazame mbinguni. Pembeni yangu palikuwa na karai lenye mchanga mkavu. Nikaliinua la kwanza kwa vidole vyote kumi, nikalilaza, nikalifunika mchanga.

"La pili," akasema.

Udongo wa chini ulikuwa na unyevu wa ziwa. Nilikuwa nayafikia ya katikati tuliposikia kishindo: kipande cha ukuta wa jiko kimeanguka majini, nyuma ya mgongo wangu. Maji yakaturukia. Idi akapiga kelele, "Zaituni, toka hapo!" Mkononi nilikuwa na yai. Sikuweza kuruka, kwa sababu kuruka ni kuligeuza. Nilibaki nimeinama, alama nyeusi ikinitazama. Bi Feza naye hakuinuka kigodani.

"Endelea, mwanangu," akasema polepole.

Nikaendelea. La mwisho lilikuwa limepasuka na linanuka, nikalitupa ziwani. Mengine yote yakalala kwenye karai. Idi akataka kuliweka mkokotenini, nikakataa, mkokoteni unatikisa. Nikasokota ngata, wakanitwika. Ndipo Bi Feza akasimama mwenyewe, akachukua kigoda chake, akaja nyuma yangu. Hakuangalia nyuma, au kama aliangalia mimi sikuona, maana sikuweza kugeuza shingo.

Njiani mama mmoja akaniita, "Dada, maandazi hayo?"

"Mayai."

"Unauzaje?"

"Ni ya kobe."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nyuma yangu nikamsikia Bi Feza: "Tembea. Usimjibu. Ukicheka kichwa kinatikisika." Nikatembea kutoka Bangwe mpaka Kasingirima bila kulitua karai, na nilipotuliwa sikuweza kuushusha mkono wangu mpaka Idi aliponikanda.

Mahali pa kufukia Bi Feza alinionyesha siku ile: panapopata jua, pasipotuama maji, udongo ukiufinya ushikane lakini usinate. Kina ni kutoka ncha za vidole mpaka kifundo cha mkono, na kidogo zaidi. Baada ya hapo alinyamaza. Hakuuliza tena habari ya mayai wala ya kitu kingine. Alikaa ndani ya kile chumba kimoja, anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Idi alipotaka kuanza kujenga kiwanjani alimwambia, "Jengeni yenu. Mimi maji yakishuka narudi fasi yangu." Na mtoto gani angejenga juu ya maneno hayo? Tukabaki tumebanana. Baba mdogo alianza kutaja kwamba mwanawe naye anakaribia kuoa na atahitaji chumba. Alisema kwa upole, lakini alisema kila alipotuona.

Mimi nikalinda yale mayai. Niliweka miiba kuzuia mbuzi na kuku. Siafu walipoingia uani nilizungusha jivu la moto, nikakaa hapo nikiwachoma kwa majani makavu mpaka msafara wao ukageuza njia. Watu wa nyumba ile walinitazama wakitikisa vichwa. Siku moja Idi alikwenda Bangwe, aliporudi akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Mama yake akamtazama usoni, akageukia ukutani. Hakuna aliyesema nyumba imeanguka. Haikuwa na haja.

Mvua za kwanza zikaja. Ikapita juma, hakuna kitu. Zikanyesha tena, jua likawaka, udongo ukakauka juu kama sufuria iliyoungua.

"Zaituni," Idi akaniambia, "umefukia mawe. Fukua, tumalize."

"Sifukui."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watoke au mpaka nizeeke."

Akainua mikono, akaenda zake kazini. Na kutoka ndani ya chumba nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. "Ardhi imewafunga. Wako tayari, hawawezi kuisukuma. Mwagia maji. Kidogo, si ya kuoga."

Nikamwagia kwa kata, nikinyunyiza kwa vidole. Kesho yake tena. Na tena. Asubuhi moja nilikuta udongo umepasuka, na katika ule ufa kitu kidogo kinachomoza, kinasukuma, kinapumzika, kinasukuma. Pua. Kisha mguu mmoja kama wa mjusi. Nilitaka kumvuta nikajizuia, na nyie mjizuie, kwa maana anapojitoa mwenyewe ndipo anapopata nguvu. Alipotoka mwili wote alikuwa amejaa mchanga, hata kiganja changu hakukijaza.

Nikaingia naye ndani. Bi Feza alikuwa amelala ubavu. Nikamweka mbele ya macho yake juu ya mkeka. Akaketi, akamchukua, akamtazama tumboni.

"Kitovu hakijakauka. Leo usimlazimishe kula. Mweke kwenye majani mabichi, kivulini." Kisha akauliza, "Na wengine?"

"Wanatoka, Mama."

Akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu tufike alitoka nje bila kuitwa, akapiga magoti kwenye matope kando yangu. Tukawangoja sote wawili, yeye akifukuza kuku kwa kanga yake. Hawakutoka wote. Mayai mengine yalibaki kimya, na hayo hakuna wa kulaumiwa. Lakini walitoka mmoja baada ya mwingine, wakipanda juu ya wenzao, wakianguka, wakiinuka, na kila mmoja Bi Feza alimgeuza kidogo akamkagua kitovu.

Mchana Idi alirudi kutoka bandarini, gunia la kubebea mizigo bado begani, akatukuta tumepiga magoti, matope mpaka viwikoni. Akasimama hapo.

"Idi," mama yake akasema bila kuinua kichwa.

"Naam, Mama."

"Umempata fundi?"

"Fundi wa nini?"

"Wa nyumba. Mwambie mlango wangu utazame huku. Nikifungua asubuhi niwaone."

Idi alitoka mbio vilevile na gunia lake, nadhani aliogopa mama yake asije akabadili mawazo. Tulimsikia nje barabarani akiuliza watu fundi fulani anakaa wapi.

Bi Feza akanisogezea mtoto mmoja kwa kidole. "Huyu ana mchanga machoni," akasema. "Mwoshe. Maji ya uvuguvugu."